Yule mtu wa distrikti kwenye mitingi ya IEP: ni nani, ana nguvu gani, na umuulize nini kabla hamjaachana

Mitingi ya kwanza ya IEP (mpango wa elimu maalum) ya kijana wangu tulikaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, maktaba ya shule, magoti yamefika kidevuni. Nikasalimia wote. Mwalimu wa darasa namjua, mwalimu wa elimu maalum namjua, therapisti wa kuongea namjua, alafu mwisho wa meza kuna mama mmoja ana laptopu anachapa tu hasemi kitu. Nikajua huyo karani, anaandika muhtasari. Therapisti akasema mtoto anahitaji vipindi viwili vya kuongea kila wiki, watu wakatikisa vichwa, mimi huku nafurahi. Karibu na mwisho yule "karani" akainua uso akasema kwa ustaarabu kabisa kwamba kwa sasa tuanze na kipindi kimoja alafu tutaona. Basi. Hakuna aliyebisha, hata therapisti mwenyewe. Tukasaini karatasi ya mahudhurio na mbele ya jina lake pameandikwa herufi tatu, LEA, na mimi nilikuja kujua maana yake miezi baadaye: ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa ghala na sikumuuliza hata swali moja.

Kwa hiyo haya ni kwa wazazi wenzangu wa Kiswahili huku Marekani, uwe umetoka Dar, Mombasa, Uvira au kambini Nyarugusu, mwenye mtoto aliye kwenye elimu maalum au anayekaribia kuingizwa. Mimi sio mwanasheria, ni mzazi niliyekaa kwenye hizi mitingi nyingi, za kwangu na za majirani walioniomba niwasindikize.

Kwanza tuelewane majina

IEP ni ule mpango wa maandishi wa mtoto mwenye ulemavu shuleni: malengo yake, huduma atakazopata, dakika ngapi, wapi. Sheria inayousimamia ni ya nchi nzima, inaitwa IDEA, mizizi yake ni sheria ya 1975 iliyosainiwa na Rais Gerald Ford, jina la IDEA likaja 1990, marekebisho makubwa ya mwisho ni 2004. Sheria hii inasema mpango unaandikwa na timu, na wewe mzazi ni memba wa timu hiyo, hukualikwa kama mgeni. Timu lazima iwe na mwalimu wa darasa la kawaida (kama mtoto yupo au huenda akawa darasa la kawaida), mwalimu wa elimu maalum, mtu wa kufafanua maana ya vipimo, na mwakilishi wa distrikti, yaani ofisi inayoendesha shule za eneo lenu. Huyo wa mwisho ndo tunamuongelea. Kwenye makaratasi utakuta LEA, kifupi cha mamlaka ya elimu ya eneo. Sehemu nyingine wanamuita admini tu. Texas mitingi yenyewe inaitwa ARD, New York kamati inaitwa CSE, msichanganyikiwe, mtu wa aina hii yupo kote kote. Kama mtoto yuko shule ya chata (shule ya umma inayojiendesha yenyewe), uliza shule yenyewe ndo distrikti yake au iko chini ya distrikti ya mji, maana hiyo ndo inaamua mwakilishi anatoka wapi.

Hapa nitoe tahadhari moja kuhusu ukalimani. Nilimsindikiza dada mmoja wa Kongo, mkalimani yuko kwenye simu, lafudhi ya Tanzania, akatafsiri "mwakilishi wa wilaya". Yule dada alinyamaza kimya mitingi nzima. Tukiwa kwenye parking ndo ananiambia, "Kaka, mimi niliogopa, nilizani ni mtu wa Leta amekuja kuchukua mtoto." Leta kwao ni serikali. Unaona. Neno wilaya kwa wengine ni serikali, ni mkuu wa wilaya na askari nyuma. Huyu sio huyo. Ni mfanyakazi wa mfumo wa shule, mara nyingi makamu wa mwalimu mkuu au mratibu wa elimu maalum, hana kazi yoyote na uhamiaji wala na kuchukua watoto. Kazi yake ni kuhakikisha distrikti inatoa kile kinachoandikwa. Mwambieni mkalimani mapema aseme "mtu wa ofisi ya shule" kama hilo lingine linakutisha.

Hatua ya 1: Jua sifa zake tatu

Kanuni ya nchi nzima imeweka sifa tatu, na lazima awe nazo zote. Awe ana ujuzi wa kufundisha watoto wenye ulemavu au kusimamia mafunzo hayo. Awe anajua mtaala wa kawaida, yaani wenzake mtoto wako wanasoma nini darasani. Na awe anajua distrikti ina rasilimali gani: watu, vifaa, programu, usafiri.

Hiyo ya tatu ndo yenye nyama. Wizara ya elimu ya Marekani ilipotoa maelezo ya kanuni 2006 ilisema ni muhimu huyu mtu awe na mamlaka ya kuahidi rasilimali za distrikti na kuhakikisha huduma zilizoandikwa zitatolewa kweli. Sasa niseme ukweli, maneno hayo yako kwenye maelezo, hayako kwenye kanuni yenyewe, kwa hiyo usiende kugonga meza kana kwamba umeshika katiba. Ila sababu waliyotoa ya kutoyaweka kwenye kanuni inakusaidia wewe: walisema haina haja, maana distrikti inabanwa na chochote kilichoandikwa kwenye IEP. Hapo ndo mchezo wote ulipo. Kikishaandikwa, ofisi kuu haiwezi kurudi Jumatatu ikasema aah yule hakuwa na ruhusa.

Alafu jueni mtu mmoja anaweza kuvaa kofia mbili. Kanuni inaruhusu distrikti imteue memba mwingine wa timu, tuseme mwalimu wa elimu maalum, awe pia mwakilishi, mradi anazo zile sifa tatu. Inaruhusiwa, lakini mimi siipendi. Mwalimu anayempenda mtoto wako hawezi kwa urahisi kuahidi pesa za bosi wake, na akisita utadhani anakukatalia yeye. Ukiona kofia mbili, uliza.

Hatua ya 2: Kabla ya mitingi, uliza kwa maandishi nani anakuja

Barua ya mwaliko lazima iseme lengo la mitingi, saa, mahali na watakaohudhuria. Saa na mahali vinatakiwa kuwa vya kukubaliana, kwa hiyo kama unafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama na wamekuwekea saa mbili asubuhi, omba wabadilishe, au uingie kwa simu au video, inaruhusiwa. Mara nyingi kwenye barua wataandika cheo tu bila jina. Hapo tuma imeili fupi, ukisaidiwa na mtu wa kuiweka Kiingereza kama huna raha nacho:

"Habari. Nimepokea mwaliko wa mitingi ya IEP ya mtoto wangu. Naomba jina na cheo cha mwakilishi wa distrikti atakayehudhuria. Naomba pia kuthibitisha kwamba ana mamlaka ya kukubali huduma siku hiyo hiyo. Nitaomba tujadili therapi ya kuongea mara mbili kwa wiki na msaidizi wakati wa chakula. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Tafadhali nitumieni nakala za ripoti za vipimo kabla ya mitingi."

Angalieni nimetaja ninachokwenda kuomba. Watu wengi wanaficha wakidhani watamshtukiza. Usimshtukize! Mtu wa distrikti aliyeshtukizwa jibu lake ni moja tu, "inabidi nikaulize." Ukimtajia wiki moja kabla, hana kisingizio cha kuja mikono mitupu.

Mkalimani ni jukumu lao, bure, na wala hupewi kwa hisani, kanuni ya mitingi za IEP inawataka wahakikishe unaelewa kinachoendelea. Taja Kiswahili cha wapi: cha Kongo, cha Kenya, cha Tanzania. Na mtoto wako mkubwa asikubaliwe kuwa mkalimani hata kama Kiingereza chake kinateleza kama maji. Ataruka maneno ya kukuumiza, ni mtoto.

Unaruhusiwa pia kuja na mtu wako anayemjua mtoto, na anayeamua kama huyo mtu anamjua mtoto ni wewe uliyemwalika.

Hatua ya 3: Ile fomu ya asubuhi

Hii watu wanapigwa nayo sana. Umefika, umeketi, unapewa karatasi, "saini tu hapa, leo mwenzetu fulani hatakuwepo." Hiyo ni fomu ya kumruhusu memba asihudhurie. Kisheria memba anaweza kukosekana ikiwa wewe na distrikti mmekubaliana kwa maandishi. Kama somo au huduma anayoshughulikia haijadiliwi siku hiyo, makubaliano yanatosha. Kama inajadiliwa, unatakiwa utoe ridhaa ya maandishi na yeye atume maoni yake kwa maandishi kwako na kwa timu kabla ya mitingi. Na mwakilishi wa distrikti yumo kwenye orodha ya wanaoweza kuruhusiwa kukosa.

Ushauri wangu: mwalimu wa darasa akiwa na dharura, angalia mwenyewe. Mwakilishi wa distrikti, usisaini. Mitingi bila yeye ni harusi bila bwana harusi, mtakula mtacheza lakini hakuna ndoa. Sema kwa upole, "Naomba tupange tarehe nyingine ambayo atakuwepo." Na kama ataondoka katikati ("nina mitingi nyingine saa nne") hiyo nayo ni kukosa sehemu ya mitingi, inahitaji ridhaa yako ile ile. Basi omba mambo ya huduma na dakika yaje mwanzo, salamu na sifa za mtoto zisubiri.

Hatua ya 4: Dakika tano za kwanza

Watu watajitambulisha haraka haraka kama wanakimbizwa. Andika majina. Wakimaliza uliza, kwa sauti ya kawaida tu:

"Leo nani ni mwakilishi wa distrikti?" Akijitokeza, "Asante. Tukikubaliana huduma leo, unaweza kuikubali hapa hapa?"

Kimya kitakachofuata kitakuambia mengi. Akisema ndiyo, vizuri, andika. Akisema inategemea, uliza inategemea nini na nani ndo anaamua, alafu omba huyo mtu apigiwe simu aungane. Nimeona hiyo ikifanyika mara mbili, na mara zote mbili kumbe mtu mwenyewe yuko ofisini kwake ghorofa ya pili anakunywa kahawa.

Sisi tumelelewa kumpa mwalimu shikamoo na kunyamaza. Najua. Mimi mwenyewe ulimi ulikuwa mzito, naona kama namkosea adabu mkubwa. Lakini huku kimya chako kinaandikwa "mzazi hana wasiwasi wowote", kwa maneno hayo hayo, nimeyasoma kwenye IEP ya kijana wangu.

Hatua ya 5: Majibu utakayopewa, na ya kumrudishia

"Hatuna mtu." Au hatuna therapisti wa kutosha, au basi limejaa. Unaweza kumwonea huruma kwa sababu inaweza kuwa kweli, uhaba wa walimu wa elimu maalum upo, na serikali kuu tangu 1975 iliahidi kuchangia mpaka asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi kwa ajili ya hizi huduma na haijawahi kufika hapo. Ila hilo ni tatizo la distrikti na Washington, usikubali kulibeba wewe. Huduma zinaamuliwa na mahitaji ya mtoto. Kama hawana mtu wanaweza kuajiri wa mkataba kutoka nje. Sema: "Naelewa hamna mtu. Swali langu ni kama mtoto anaihitaji. Kama anaihitaji, tuiandike, alafu mtuambie mtaitoa vipi."

"Hatufanyi hivyo hapa distrikti." Hii ikisemwa, kalamu yako isimame. Sera ya jumla ya kutotoa kitu fulani kwa mtoto yeyote haiendani na mpango wa mtoto mmoja mmoja. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita iliihukumu Hamilton County ya Tennessee, katika kesi ya familia ya Deal, kwamba ilikuwa imeshaamua kabla ya mitingi kutotoa programu waliyoiomba wazazi kwa mtoto wao mwenye otizimu, na kwamba hiyo iliwanyima wazazi nafasi ya kushiriki. Huna haja ya kutaja kesi mezani, utaonekana umekuja vitani. Uliza tu, "Hii ni kwa sababu ya mtoto wangu au ni kwa watoto wote?" alafu andika jibu.

"Tupige kura." Hapana. IEP haiamuliwi kwa wingi, wao sita na wewe mmoja. Timu inatafuta makubaliano, ikishindikana distrikti ndo inabeba uamuzi na lazima ikuandikie. Tutafika hapo.

"Anaendelea vizuri tu, ana maendeleo kidogo." Kidogo kiasi gani? Mwaka 2017 mahakama kuu ya Marekani, kesi ya Endrew F. dhidi ya distrikti ya Douglas County kule Colorado, majaji wote wanane walisema mpango uwe umetengenezwa kumwezesha mtoto kupata maendeleo yanayostahili kulingana na hali yake, na maendeleo ya kiduchu tu hayatoshi. Omba namba: alipoanza alikuwa wapi, leo yuko wapi.

"Inabidi nikaulize." Sawa, mpe siku. "Utanijibu lini? Tuandike tarehe kwenye noti za mitingi." Wakikubali baadaye, IEP inaweza kurekebishwa kwa maandishi bila kuitisha watu wote tena kama wewe na wao mmekubaliana. Bila tarehe utapigwa danadana mpaka mtoto abadilishe darasa.

Hatua ya 6: Soma ukurasa wa huduma, sio ukurasa wa sifa

Kurasa za mwanzo ni tamu, mtoto ana tabasamu zuri, anapenda treni. Nenda kwenye jedwali la huduma. Kila huduma iwe na tarehe ya kuanza, mara ngapi, dakika ngapi, wapi, na mpaka lini. Angalia sana kwa wiki au kwa mwezi. Kijana wangu mwaka wa pili dakika 30 za "wiki" ziligeuka kimya kimya zikawa za "mwezi", ni neno moja tu lililobadilishwa na hakuna aliyelisema. Na maneno "kadiri itakavyohitajika" mwambie mwakilishi ayatoe aweke namba, kwa sababu siku ikifika mtu wa kuamua kama imehitajika hatakuwa wewe.

Kuhusu saini: saini ya kuonyesha umehudhuria sio ya kukubali, soma imeandikwaje, ukitaka andika pembeni "nimehudhuria tu". Huduma za mara ya kwanza kabisa haziwezi kuanza bila ridhaa yako ya maandishi. Za miaka inayofuata majimbo yanatofautiana, mengine yanataka saini yako kila mwaka, mengine kimya chako kinatosha wao kuendelea, uliza jimbo lako linafanyaje. Wewe una haki ya kubeba karatasi ukaisome nyumbani, na nakala ya IEP ni bure.

Hatua ya 7: Hapana yake iwe kwenye karatasi

Kama kuna hatua moja ya kukariri ni hii. Distrikti ikikataa ulichoomba kuhusu vipimo, darasa au huduma za mtoto, inatakiwa ikupe notisi ya maandishi, wenyewe wanaiita PWN. Iseme wanakataa nini, kwa nini, wametumia vipimo au rekodi gani kuamua, na njia gani nyingine walizifikiria wakaziacha. Na iwe kwa lugha unayoielewa, labda tu kama haiwezekani kabisa.

Usiondoke chumbani bila kumwambia mwakilishi, "Naomba PWN kwa kila nilichoomba mkakataa," alafu usiku huo huo rudia kwa imeili ukitaja kimoja kimoja. Nimeona hapana ngapi zikigeuka ndiyo baada ya hapo! Kusema "hatuna mtu" kwa mdomo ni rahisi, kuiandika kwenye barua ya distrikti yenye jina la aliyeiandika chini ni habari nyingine, maana yule mama wa laptopu anajua nani anaweza kuja kuisoma.

Wa kuisoma wapo. Kila jimbo lina kituo cha kuwafundisha wazazi kinachofadhiliwa na serikali kuu, kifupi chake PTI, msaada wao ni bure, anzia hapo. Kuna upatanishi, bure pia. Kuna malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo, jambo liwe la ndani ya mwaka mmoja, na wana siku 60 za kutoa uamuzi. Na kuna kesi rasmi mbele ya msikilizaji, mtu anayesikiliza pande zote na kuamua kama hakimu, ambayo kwa kawaida ina kikomo cha miaka miwili, na ndani ya siku 15 baada ya kuifungua wanatakiwa waitishe kikao cha kusuluhisha ambacho, safari hii kwa maneno ya kanuni yenyewe, mtu wa distrikti lazima awe na mamlaka ya kuamua. Mkiwa kwenye mgogoro huo mtoto kwa kawaida anabaki alipokuwa, hawamhamishi.

Baada ya hapo ni kalenda ya jikoni

Yangu iko ubavuni mwa friji. Jumanne na Alhamisi, kijana akirudi namuuliza umemuona ticha wa kuongea, akisema ndiyo naweka tiki, akisema hapana naweka duara. Yeye haongei sana, kwa hiyo therapisti tulikubaliana awe anambandikia stika ya nyota kwenye begi. Wiki tatu zikipita na duara tatu, siandikii therapisti, hana kosa, naandikia mwakilishi wa distrikti moja kwa moja: IEP inasema hivi, tarehe hizi hazikufanyika, mtazifidia lini. Mwezi wa pili mwaka huu walifidia vipindi vinne, vyote baada ya barua moja ya mistari mitano.